Sailensa ya Kwanza

Gari la Shangazi halikuwa na tabia ya kusikika likija. Lingeweza kukufikia mgongoni na kusimama, na wewe ukaendelea kuchagua nyanya zako bila habari, mpaka Shangazi mwenyewe atoe kichwa dirishani akuombe njia. Watu walilitania kwamba linatembea kwa soksi. Kwa miaka kumi na mmoja fundi Taratibu alikuwa akiusikia utani huo na kuinamisha kichwa kwa haya, maana ukimya ule aliutengeneza yeye.

Taratibu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wateja waliochoka kusubiri, likamganda, naye akaona halina ubaya. Kazi yake ilikuwa moja tu: mabomba ya moshi, kuanzia pale moshi unapotoka kwenye injini mpaka unapoishia nyuma ya gari. Karakana yake ilikuwa kontena la bluu lililokatwa mlango ubavuni, na mbele yake shimo la kuingia chini ya magari. Mabomba yaliningʼinia ukutani, membamba upande wa kushoto, manene upande wa kulia. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kuokota sailensa zilizokufa, yale makopo ya kuzima mlio wa moshi, kuzipasua kwa msumeno wa chuma, na kuchora kwenye daftari njia ambayo moshi ulipita humo ndani wakati wa uhai wao.

Alikuwa na sharti moja ambalo mafundi wenzake walilicheka: hakuvunja kitu kabla ya kupima. Kila gari lililoingia shimoni lilipimwa nguvu ya moshi unaosukuma kurudi nyuma, na kipimo kikaandikwa kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa kontena. Chombo chake cha kupimia kilikuwa saa ya mashine ya presha ya damu, ile ya mviringo yenye mshale. Aliiunganisha kwa mpira kwenye bomba jembamba la shaba alilolizungusha kama mkia wa kinyonga, ili moshi upoe njiani usiunguze mpira. Miaka ilimfundisha kwamba gari zima, ukilikanyagia mafuta kiasi, mshale wake haupiti mia. Likipita hapo, moshi umekosa njia ya kutokea, na injini inayoshindwa kutoa pumzi chafu haina pa kuingizia iliyo safi.

Jumamosi ile asubuhi gari la Shangazi lilifika kimya kama kawaida yake, lakini lilifika likijivuta. Shangazi alishuka, akaegemeza viganja viwili juu ya boneti kama anayelipima homa.

“Shikamoo, Shangazi,” Taratibu alimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Leo nimechoka.”

Taratibu aliweka spana chini. Alimfahamu mama huyu muda mrefu, na neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Jumatatu na Alhamisi alipakia wagonjwa wanne na kuwapandisha mlimani, kwenye kliniki yenye mashine ya kusafisha damu. Kila mgonjwa alikuwa na saa yake. Ukichelewa, mashine haikusubiri na haikukuongezea. Dakika ulizopoteza njiani zilikatwa mwishoni, kwa sababu mwenzako wa zamu inayofuata ameshakaa kwenye benchi na shati lake amekunja mkono. Kwa miezi minne gari lilikuwa likipoteza nguvu kidogo kidogo. Kwenye tambarare lilienda vizuri. Likianza kupanda, Shangazi alikanyaga mafuta mpaka mguu ukafika chini, na gari likafanya kama halikuambiwa kitu.

Alimsimulia habari za Alhamisi bila kumtazama usoni. Kwenye kona ya tangi la maji gari lilikataa hata kwa gia ya kwanza. Aliwaomba wawili wenye nguvu kiasi washuke wapunguze uzito. Wa tatu kushuka alikuwa Mwalimu, mzee wa miaka sabini na miwili, ambaye hakuombwa. Alifungua mlango mwenyewe, akapanda hatua kama arobaini huku ameshika ukuta wa nyumba ya watu, na alipofika juu midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. Walichelewa dakika hamsini.

“Sista wa zamu hakunigombeza,” Shangazi alisema. “Angenigombeza ningepata la kumjibu. Aliniambia kwa upole tu, Shangazi, Jumatatu mkichelewa tena nitatafuta gari lingine.”

Taratibu alisema kwamba huenda gari hilo jingine lingekuwa zuri.

“Litakuwa zuri. Litakuwa jipya. Lakini litapakilia watu kwenye barabara kubwa, haliingii vichochoroni. Mwalimu ameshaniambia, mpaka afike barabarani atakuwa amemaliza nguvu za kwenda. Atakaa nyumbani.” Aliondoa mikono kwenye boneti. “Unajua akikaa nyumbani ni nini.”

Taratibu alijua.

Alijua na jambo jingine, ambalo lilianza kumkuna tangu gari lilipoingia. Miezi minne nyuma, dalili zilipoanza, Shangazi alikuja kwake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Siku hiyo alikuwa na kazi tatu shimoni. Alilala chali chini ya gari, akaligongagonga bomba kwa vifundo vya vidole kutoka mbele kwenda nyuma, akisikiliza. Alipofika kwenye sailensa aliipiga makofi mawili mepesi, kama mtu anayempapasa mwanawe kichwani, akatoka na kusema bomba halina neno, nenda kwa watu wa mafuta. Shangazi akaenda kwa jirani yao wa karakana ya tatu, fundi wa injini waliyemwita Profesa kwa sababu hakukubali kushindwa kwa maneno. Profesa alibadilisha plagi, akabadilisha chujio la mafuta, mwishowe akabadilisha na pampu. Gari likabaki vilevile. Moyoni, Taratibu hakumhukumu Profesa, lakini mara moja au mbili alijiuliza ni pampu ya namna gani ile aliyomfungia mama wa watu.

Sasa alimwomba Shangazi akae kwenye usukani. Akaingia shimoni, akafungua sensa, kile kidude cha kupimia moshi kilicho karibu na injini, akapachika bomba lake la shaba pale ilipotoka, kisha akapanda juu na ile saa mkononi.

Saa yenyewe ilikuwa na historia. Alipewa na Shangazi. Ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyepimwa nayo presha kila asubuhi katika mwaka wake wa mwisho. Baada ya msiba mipira yake ilipasuka, na Shangazi, aliposikia Taratibu anatafuta kitu cha kupimia presha ya moshi, alimletea ndani ya mfuko wa plastiki, akasema hii inajua kupima, ifundishe tu kazi nyingine.

“Washa,” Taratibu alisema. Gari likanguruma chini kwa chini. Mshale ukasimama kwenye arobaini. “Sasa kanyaga, taratibu.”

“Ungesema haraka ningeshangaa,” Shangazi alimjibu, akakanyaga.

Mshale ulipita mia. Ukapita mia na hamsini. Ukapita mia mbili, ukafika mia mbili na sitini, ukatulia hapo ukitetemeka. Taratibu aliugonga uso wa saa kwa ukucha akidhani umekwama. Haukuwa umekwama.

Alirudia kipimo mara ya pili na ya tatu, kwa sababu ndivyo alivyozoea, na pia kwa sababu alianza kuogopa.

Kati ya injini na mkia kulikuwa na vitu viwili tu ambavyo vingeweza kuziba. Cha kwanza ni masega, lile kopo lenye vitundu kama nyumba ya nyuki linalosafisha moshi. Mafundi wengi wangeingiza nondo humo na kuyapasua bila hata kuuliza. Cha pili ni sailensa. Ili kujua ni kipi, ilitosha kulitenganisha bomba kati ya hivyo viwili. Alishuka shimoni, akafungua bolti tatu nyuma ya masega, akashusha bomba la nyuma likaningʼinia kwenye waya. Akampigia Shangazi kelele awashe na akanyage.

Gari liliunguruma kama limeona adui. Lilikuwa halijatoa sauti hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Fundi viatu wa jirani alitoka nje akiwa bado ameshika kiatu cha mteja, na mwenye duka la vipuri alitoka nyuma yake. Shangazi aliutoa mguu kwenye mafuta kana kwamba amekanyaga mtu. Lakini kabla hajautoa, injini ilikuwa imepanda upesi na kwa furaha, kama mtu aliyefunguliwa kola. Na mshale, Taratibu aliuona vizuri, ulikuwa umekwenda hamsini na tano, basi.

Masega yalikuwa salama. Kizuizi kilikuwa nyuma yake. Na nyuma yake palikuwa na kitu kimoja.

Shangazi alikuwa mteja wake wa kwanza. Wakati ule Taratibu alikuwa na miezi minane katika kazi na hakuna aliyemwamini. Watu walipita mbele ya kontena wakasema yule hakufundishwa na mtu. Sailensa ya Shangazi ilikuwa imeoza, gari likawa linapiga kelele kama mashine ya kusaga, na mumewe alikuwa akisumbuliwa na maumivu ya kichwa. Kila mlio ulimwingia kwenye fuvu. Shangazi alimpeleka hospitali kila siku ya pili, naye alikaa kiti cha nyuma ameziba masikio kwa mikono miwili. Shangazi alisimama mbele ya kijana asiyejulikana, akamwambia hana maneno mengi, anataka mume wake apate kulala njiani.

Kijana yule alifanya kazi siku mbili. Alijenga sailensa kwa bati nene, akaweka ndani sahani tatu zenye matundu yasiyoelekeana, ili sauti igonge huku na kule mpaka ichoke. Kati ya sahani akashindilia pamba ya chuma. Bado hakuridhika, akaipunguza hata njia ya kutokea. Alipomaliza, gari lilikuwa kimya hata yeye akastaajabu. Mgonjwa alilala. Alilala safari zote, miezi tisa, mpaka ile ya mwisho. Na Shangazi alitembea mtaa mzima akiwaambia watu kwamba pale kwenye kontena la bluu kuna fundi.

Taratibu aliishusha sailensa, akaiweka juu ya meza ya chuma. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Kwenye mshono wake aliziona nukta tatu, alama ambayo hadi leo huiacha mwisho wa kila mchomeleo wake. Akawasha msumeno na kuipasua ubavuni.

Pamba ya chuma ilikuwa imeoza na kugeuka tope kavu. Masizi yalikuwa yamejishika kwenye sahani ya kwanza, yakaziba matundu moja baada ya jingine; kati ya ishirini na manne yalibaki matano. Lakini hata angeyazibua yote, hesabu ilikuwa mbaya tangu mwanzo, na sasa aliijua kwa kuitazama tu. Njia ya kutokea ilikuwa nusu ya njia ya kuingilia. Gari lilivumilia wakati ule, likibeba watu wawili kwenye tambarare. Watu watano na mlima vilikuwa vingi mno. Kwa miaka kumi na mmoja lilikuwa likipumua kupitia mrija.

Shangazi alikuwa amekaa nje kwenye tairi kuukuu, anakunywa chai, mgongo wake umegeukia mlango. Hakuwa ameona kitu. Taratibu angeweza kuitupa ile sailensa kwenye lundo la chuma chakavu, akafunga nyingine, akasema ilikuwa imezeeka. Na isingekuwa uongo wote. Alisimama na wazo hilo kwa muda, akiligeuza, kwa sababu hakuwa mtu wa kulifukuza wazo kabla hajalitazama. Halafu akaifuta mikono, akatoka nje, akachuchumaa mbele yake.

“Shangazi, kosa ni langu.”

Akamweleza yote, bila kupunguza. Alieleza sahani na matundu, na njia aliyoibana kwa kutojua. Kisha akaeleza lile lililomuuma zaidi: magari yote yaliyoingia pale aliyapima, isipokuwa lake, na hakulipima kwa sababu sailensa ilikuwa ya mkono wake. Alimpeleka kwa Profesa kubadilisha pampu nzima. Mwalimu alipanda mlima kwa miguu kwa sababu ya neno lake.

Shangazi alikiweka kikombe chini. Halafu mabega ya Shangazi yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kidogo kutambua kwamba anacheka.

“Profesa aliniambia,” alisema. “Hata miezi miwili haijaisha tangu lianze kuchoka. Aliweka mkono nyuma ya bomba akasema, Shangazi, gari lako limezibwa mdomo, niruhusu niikate sailensa hii. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia akiigusa tu nitamgonga kwa spana ya namba kumi na saba.”

“Namba kumi na saba?”

“Ndiyo iliyokuwa karibu.” Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Sasa hakuwa anacheka. “Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Wewe hukuipima kwa sababu ni yako. Mimi sikukubali iguswe kwa sababu ni yake, marehemu.”

Alinyanyuka, akaingia ndani ya kontena. Aliitazama sailensa iliyopasuliwa, akatia vidole ndani, akagusa sahani ya kwanza, ya pili, na ya tatu, vidole vikawa vyeusi.

“Huku ndiko usingizi wake ulikokuwa,” alisema. “Asante, mwanangu. Ile miezi tisa sikuwahi kukushukuru vizuri, maana nilikuwa nalia. Sasa nisikilize. Iweke pembeni, usiitupe. Halafu nitengenezee nyingine. Ikipiga kelele, basi, ipige. Nataka Mwalimu afike.”

Taratibu aliitikia kwa kichwa.

Kabla ya kukata bati alikwenda kwa Profesa. Alimkuta ndani ya injini ya lori mpaka kiunoni. Akamwomba radhi kwa maneno machache: kwamba alimdhania kuwa amefunga pampu mbovu, na kumbe yeye Profesa ndiye aliyeona tatizo kabla yake. Profesa alijitoa taratibu, akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

“Rudia,” alisema.

“Umesikia, kaka.”

“Nimesikia, lakini dawa tamu hunywewa mara mbili kwa siku.” Akapangusa mikono. “Nenda ukaiandike mlangoni kwako kwa chaki, herufi kubwa, Profesa alisema kweli. Halafu niambie unataka nini, maana hukuja hapa kwa miguu miwili kuomba radhi tu.”

Alitaka mashine ya kutobolea, ile ya kusimama. Profesa alimpa, na akaja nayo mwenyewe, na akaleta ushauri ambao hakuombwa. Alitaka bomba liwe nene kama la lori, moshi upite kama maji ya mafuriko. Taratibu alimwambia, kwa sauti yake ya chini, kwamba bomba likipita kiasi moshi unapoa na kuzubaa njiani, na mlimani gari linataka moshi unaokwenda upesi na bila kuzuiwa. Kipenyo kibaki kilekile cha kiwandani. Kinachotakiwa ni njia kuwa nyoofu. Profesa alibisha kwa dakika kumi, akapima kwa macho, akasema hilo ndilo alilokuwa anamaanisha tangu mwanzo.

Kazi ilichukua Jumamosi yote mpaka jua kushuka, na Jumapili kuanzia asubuhi. Safari hii hakuna sahani hata moja. Ilikuwa bomba moja lililonyooka, lenye upana uleule kutoka kuingia hadi kutoka, lililotobolewa vitundu mia tatu kuzunguka mwili wake. Moshi ungepita katikati bila kugongana na kitu. Sauti peke yake ndiyo ingechepuka kwenye vitundu na kuzama katika pamba ya kioo iliyofungwa kuzunguka bomba, na nje ya yote likaja kopo la bati, refu kuliko la zamani karibu mara mbili. Urefu huo ndio uliomkosesha usingizi Jumamosi. Kopo lingekuwa fupi, gari lingepiga kelele. Hakuna aliyemwomba ukimya, lakini aliutaka.

Mkewe aliwaletea chakula cha mchana Jumapili, akamkuta amelala chini ya gari akipima kwa rula umbali kati ya sailensa na sakafu. Akamwambia Profesa kwamba mume wake hupima hata chumvi kwa rula, na Profesa akasema ndiyo maana kwao chakula huliwa kimepoa.

Alasiri walilifunga. Taratibu alirudisha bomba la shaba mahali pa sensa. Shangazi akakanyaga. Mshale ulipanda, ukapunguza mwendo, ukasimama kwenye sitini na mbili. Profesa aliinama akausoma, akanyamaza, jambo ambalo wote waliliona.

Na sauti? Gari lilikuwa na sauti sasa, huwezi kusema halina. Lakini ilikuwa nzito na ya chini, kama mtu mzima anayeongea chumba cha pili. Shangazi alizunguka nyuma, akasikiliza kichwa amekiinamisha upande.

“Amekua,” alisema.

Jumatatu alfajiri Taratibu aliomba kwenda nao. Alikaa mbele, na ile saa mapajani, ingawa haikuwa imeunganishwa na kitu. Waliwachukua wagonjwa mmoja mmoja, wa mwisho akiwa Mwalimu, mwishoni kabisa mwa kichochoro, ambako vioo vya pembeni vilibidi vikunjwe. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, amevaa koti. Shangazi alimsaidia kupanda, akamkalisha kiti cha nyuma upande wa dirisha. Taratibu alikitambua kiti kile alicholalia marehemu.

Mwalimu aliuliza huyu wa mbele ni nani. Aliambiwa ni fundi wa bomba.

“Basi nastahili alama za Alhamisi,” Mwalimu alisema. “Nilipanda bila bomba.”

Waliobaki walicheka. Taratibu aligeuka nyuma akamwambia pole, na kwamba lile lilikuwa kosa lake. Mwalimu alimtazama kwa utulivu, kama alivyowatazama wanafunzi kwa miaka arobaini.

“Umelisahihisha?”

“Tunakwenda kuona, Mwalimu.”

“Vizuri. Anayekuja kuona mwenyewe si haba.”

Mlima ulianza baada ya daraja. Shangazi alishusha gia hadi ya tatu. Taratibu alitazama miguu ya Shangazi, si barabara. Mguu wa kulia ulikuwa umekanyaga nusu tu. Gari lilipanda. Lilipita ghala, likapita shule, likafika kwenye kona ya tangi la maji, na hapo Shangazi akasogeza mguu kidogo, kidogo sana, kama anayeuliza. Gari likajibu. Lilikaza, likaipindua kona kwa gia ileile ya tatu, na ule ukuta ambao Mwalimu aliushika siku ya Alhamisi ukapita dirishani na kubaki nyuma.

Shangazi aliachia pumzi ndefu. Mkono wake wa kushoto ulitoka kwenye gia, ukaushika mkono wa Taratibu, ukaubana mara moja, ukarudi kazini.

“Na mimi asante,” Taratibu alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba hakuwa na uhakika kama amesikika. “Hakuna mtu aliyenipa kazi kabla yako.”

“Nyamaza, nisikilize gari langu,” alisema Shangazi. Lakini alikuwa anatabasamu.

Waliingia kwenye ua wa kliniki saa mbili kasoro dakika ishirini na mbili, na zamu yao ilianza saa mbili kamili. Milango ya chumba cha mashine ilikuwa bado imefungwa, na sista wa zamu alikuwa ndiyo kwanza anafungua kufuli. Alipowaona alisimama na ufunguo mkononi, akainua mkono mwingine kuwapungia. Wagonjwa watatu walishuka, wakajinyoosha, wakaenda kukaa kwenye benchi wakiwa wa kwanza.

Taratibu alishuka na kufungua mlango wa nyuma ili amsaidie Mwalimu. Akasita. Mzee alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, miwani imeteremka mpaka ncha ya pua, mikono imelegea mapajani. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa mpango. Alikuwa amelala, na ilionekana alilala tangu mlimani.

Shangazi aligeuka kwenye kiti chake, akamwona. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono juu ya mgongo wa kiti. Kisha mkono wake ukaenda kwenye ufunguo kwa mazoea.

“Usizime,” Taratibu alinongʼona. “Ukizima ataamka.”

Shangazi aliuondoa mkono kwenye ufunguo. Gari likaendelea kunguruma chini kwa chini, moshi ukitoka nyuma mwembamba na wa kawaida. Taratibu aliurudisha mlango bila kuubamiza, akaushikilia hapo kwa kiganja.

“Tuna karibu dakika ishirini,” alisema Shangazi. “Tumwache.”